Sakafu Niliyoing'oa

3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo ndiyo siku yangu ya kwanza kuwa msimamizi. Miaka ishirini na sita nimekula vumbi la mbao katika karakana hii, hatimaye tajiri kaniita ofisini, kanikabidhi funguo. Kazi iliyo mbele yetu: vitanda mia moja na ishirini vya bweni la chuo, viwe tayari kabla wanafunzi hawajarudi mwisho wa Mei. Mambo ya kazi nitayaandika kwenye daftari la ofisi. Hili nimejinunulia mwenyewe, maana mtu mwenye cheo lazima awe na kumbukumbu zake.

Mke wangu kanipa hongera, kisha akaongeza, "Haya, sasa utatusimamia mpaka jikoni."

5 Machi

Mvua. Nimenunua filimbi.

6 Machi

Tuko saba karakanani. Wa kutajwa ni watatu. Kuna Mzee Randa, ambaye amepiga randa tangu mimi sijaota ndevu. Kuna Vumbi, fundi wa msasa, mtu wa maneno mengi. Na kuna shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mkerezaji. Huyu hasikii tangu utotoni wala hasemi kwa mdomo. Tunamwita Bubu, naye hajawahi kulalamika. Vumbi aliwahi kusema, "Na angelalamika vipi?" tukacheka sana. Anakereza miguu ya vitanda, na ukiipanga kumi huwezi kujua upi wa asubuhi na upi wa jioni.

Mashine yake iko ukutani, karibu na swichi kuu, na kuizima swichi hiyo ni kazi yake mwaka wa kumi na moja huu. Mashine zikinguruma hakuna anayemsikia aliye mbali, kwa hiyo karakana nzima imeshika ishara za mikono yake. Ngumi juu ni "lete mbao." Kidole shavuni ni "tajiri anakuja." Ukimtaka yeye unapiga kisigino sakafuni, mbao zinampelekea habari. Visigino vitatu mfululizo: zima kila kitu. Kabla hujashusha cha tatu, keshazima.

Mimi naona ni utoto. Leo nimewatangazia: kuanzia sasa ni filimbi. Moja njoo, tatu zima. Hapa ni kazini, si mahali pa kucheza ngoma.

Mzee Randa akauliza, "Na yule asiyesikia filimbi?"

"Atatazama wenzake," nikamjibu. Akaendelea kunoa randa yake.

9 Machi

Mvua imepenya chini, sakafu imeoza upande wa stoo. Mguu wa Mzee Randa umezama hadi goti. Vumbi akapiga kelele, "Mzee, kaburi lako si hapa!" Tumemvuta mzima. Nimekwenda kwa tajiri nikamwambia tung'oe mbao zote, tumwage zege. Kakubali palepale. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na msimamizi anayefikiri.

11 Machi

Tumeng'oa sakafu. Shemeji kanuna siku nzima, nadhani vumbi la saruji halimpendi.

14 Machi

Mvua. Zege halikauki.

15 Machi

Mvua. Halikauki.

16 Machi

Bado.

20 Machi

Limekauka! Limenyooka na linang'aa, mpaka tajiri kaleta wageni walione. Nimepaka mistari ya njano pa kupita mikokoteni. Wageni wakasema karakana ya kisasa. Kichwa kimevimba, nakiri.

23 Machi

Nimefika asubuhi nikakuta shemeji kaigeuza mashine yake. Kaichomoa ukutani, kaielekeza katikati ya karakana, imekaa upande upande kama mlevi. Nikaamuru irudishwe. Mistari yangu ya njano ni ya nini basi? Aliniambia kitu kwa mikono, kirefu. Nikamwinulia dole gumba, maana huwa linamaliza mambo. Akageukia ukuta akaanza kazi.

27 Machi

Mvua. Vitanda thelathini na vinne.

2 Aprili

Naandika kama ilivyokuwa.

Saa nne asubuhi mvua ilikuwa inapiga bati na mashine zote zinaunguruma. Vumbi alikuwa anasugua ubao wa kichwani mwa kitanda. Mkono wa shati lake ukanaswa na mkanda wa msasa, mkanda ukamvuta. Mimi nilikuwa mbali, kwenye meza ya kupimia. Mzee Randa ndiye aliyeona. Akapiga visigino vitatu juu ya zege, kwa nguvu zake zote. Akapiga tena. Na tena. Shemeji alikuwa ameelekea ukuta, anakereza. Hakugeuka.

Basi mzee wa miaka sitini na kitu akaanza kukimbia kuelekea swichi, akipita katikati ya mbao na vitanda. Hakuifikia. Shemeji aliona kivuli chake ukutani, na kabla hata hajageuka kuona kuna nini, mkono wake ulikuwa umeshashusha swichi. Kukawa kimya. Ndipo niliposikia sauti ya Vumbi.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda. Tumemkimbiza hospitali kwa gari la mbao.

Shemeji alikuja akasimama kwenye damu. Akapiga kisigino chake chini, mara moja, akanitazama. Akapiga tena. Nikatazama pembeni.

3 Aprili

Tajiri anataka ripoti. Nimeandika hivi: "Ajali imetokea kwa sababu mfanyakazi aliye karibu na swichi kuu ana ulemavu wa kusikia, hivyo hakuweza kupokea ishara ya hatari kwa wakati. Napendekeza asiendelee kufanya kazi karibu na mashine, kwa usalama wake na wa wenzake."

Nimeisoma mara tatu. Hakuna neno la uongo hata moja.

4 Aprili

Tajiri kamwambia shemeji apumzike nyumbani. Mwisho wa mwezi ataamua moja kwa moja. Kanipa pole kwa kuwa na mzigo wa ndugu kazini.

5 Aprili

Shemeji anakaa chumba cha uani kwetu tangu nimuoe dada yake, miaka kumi na tisa. Jana na leo hakuja mezani. Mke wangu kampelekea sahani, karudi, kaketi, kala. Hakuniongelesha. Watoto wamekula wakiongea wao kwa wao kwa mikono, haraka haraka. Sikujua wanasema nini. Nilijua tu wanamsema nani.

7 Aprili

Mvua. Hakuna wa kukereza. Tumemleta mtu, kaharibu miguu kumi na sita.

9 Aprili

Sikuandika yote ya tarehe kumi na moja Machi. Daftari ni langu, sijui nilikuwa namficha nani.

Siku ile tulipokuwa tunang'oa mbao, shemeji alinishika mkono. Alipiga kisigino chini, akaonyesha nyayo zake, akaonyesha swichi. Nikafanya kama sielewi. Jioni akamtuma dada yake. Tukiwa mezani mke wangu akasema, "Mdogo wangu anauliza, ukishaondoa mbao, wenzake watamwita kwa kitu gani? Anaomba mbakize njia moja tu ya mbao kutoka mashine za wenzake hadi kwake." Nami nilijibu, haya maneno nayakumbuka yote: "Mwambie sakafu ni ya kukanyaga, si simu."

Mke wangu alikataa kumtafsiria. Hakukuwa na haja, mdogo wake alikuwa mezani anatazama midomo yangu.

Na ile asubuhi alipogeuza mashine, alikuwa anatafuta kuona kile ambacho hawezi tena kukisikia kwa miguu. Nilimrudisha ukutani kwa sababu ya mistari ya rangi.

Kwa hiyo nilijua. Naandika ripoti, najua. Ee Mola wangu, naona aibu hata kushika kalamu.

12 Aprili

Nimekwenda kumwona Vumbi hospitali. Mkono umefungwa umekuwa kama mkate. Kabla sijasema pole kaanza yeye: "Usilie, bosi. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nimebakiwa na vitatu, chawa wangu hana pa kukimbilia."

Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini mpaka nikainama: "Hivi siku ile uliogopa?"

"Nini?"

"Ulikuwa hapo. Meza ya kupimia na msasa wangu ni hatua nne. Nilikuita. Nilikuita mara tatu, kwa jina lako. Ulikuwa umenipa mgongo unaandika. Tajiri aliponiuliza sikumwambia. Nikasema labda mtu kaganda kwa hofu, si kitu cha kumsemea."

Sikuogopa. Sikumsikia. Hatua nne, na filimbi shingoni, na sikumsikia.

13 Aprili

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Hakushangaa hata kidogo.

"Sikio lako la kushoto limekwisha, mume wangu. Mwaka wa pili sasa."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Tukitembea nakaa kulia kwako. Mezani nakaa kulia. Watoto wakikuita wanakugusa kwanza. Hujaona?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenuna." Akaweka shati juu ya shati. "Wewe hapa nyumbani kila mtu anakusogelea upande unaosikia. Hakuna aliyekuandikia ripoti."

Nimetoka nikakaa barazani, mvua inanirushia matone. Miaka miwili watu wamenipangia viti, wamenigeuzia nyuso, nami nimedhani ni heshima.

14 Aprili

Mvua.

15 Aprili

Nilimwomba mke wangu anisaidie kwenda kumwambia mdogo wake. Anitafsirie tu. Kakataa. "Mimi si mdomo wako. Miaka kumi na tisa mmekula sahani moja. Unajua kumwambia nini kwa mikono?"

Nikahesabu, ukiacha ishara za karakanani. Kula. Njoo. Maji. Kazi. Na dole gumba.

"Basi jifunze," kasema. "Au sikio la kufa?"

16 Aprili

Binti yangu wa mwisho ndiye mwalimu. Nimemwambia nataka kujua kusema "nilidanganya." Akaniuliza nilimdanganya nani. Ni mtoto wa miaka tisa, lakini nimemjibu. Kanifundisha bila kucheka, na hilo limeniumiza zaidi. Vidole vyangu vimekakamaa, vinajua nyundo tu.

19 Aprili

Nimebisha hodi uani. Kubisha! Mjinga mimi. Nikasimama nje mpaka akaniona dirishani.

Chumba chake sikuwahi kukiingia. Kitanda kimeelekea mlango. Kioo kimewekwa ili akiupa mlango mgongo aone anayeingia. Mlangoni kuna uzi, ukiuvuta nje kitambaa chekundu kinapepea ndani, ndiyo hodi yenyewe. Kila kitu kakifikiria, peke yake, nasi tuko hatua kumi kutoka hapo.

Nikasema kwa mikono: Sakafu, nilijua. Ripoti, nilidanganya. Vumbi kaniita, mimi hapo, sikusikia. Nikagusa sikio la kushoto. Jasho lilikuwa linanitoka kama nimebeba gogo. Nikamaliza na neno la kuomba radhi, nikalikosea, akanishika mkono akanirekebisha kama anavyomrekebisha mtoto. Nikalirudia sawasawa.

Hakulia wala hakukasirika. Aliuliza kitu. Sikuelewa. Akarudia polepole. Umemwambia nani mwingine?

Nikasema hakuna.

Akanionyesha mlango.

20 Aprili

Mvua imepungua. Sijaweza kula. Nikienda kwa tajiri, ufunguo unarudi. Nisipokwenda, mwisho wa mwezi shemeji anapoteza kazi ya mikono yake, kwa maandishi yangu mimi, na hakuna karakana nyingine itakayompokea ikisikia habari ya vidole vya Vumbi. Mara nasema niseme mwezi ujao, vitanda vikishatoka. Mara nasema tajiri anaweza kumwita tu bila kujua sababu. Nimezunguka mno. Mficha uchi hazai.

22 Aprili

Nimesema. Niliomba tajiri aje karakanani, mashine zikazimwa, watu wote wakasimama. Vumbi naye alikuja na mkono wake shingoni. Mke wangu kamleta mdogo wake, wakasimama karibu na mlango.

Niliisoma ripoti yangu kwa sauti. Kisha nikasema: "Kila neno hapa ni kweli na yote kwa pamoja ni uongo. Sakafu ya mbao ilikuwa inamwita. Niliing'oa. Aliniomba nibakize njia, nikamtukana. Aligeuza mashine aone, nikamrudisha ukutani. Vumbi aliniita mara tatu nikiwa hatua nne, sikumsikia, kwa sababu mimi pia sikio moja limekufa na nimelificha. Asiyesikia alipoona kivuli tu alizima. Anayejidai kusikia alikuwa anaandika orodha."

Nilijaribu kuyasema na kwa mikono vilevile. Nilikuwa nakwama, na kila nilipokwama Mzee Randa alikuwa ananisaidia neno. Kumbe mzee anajua yote. Wote wanajua.

Tajiri alikuwa mwekundu wa macho. Kaniambia, "Umeniaibisha." Nikasema ndiyo. Kanyoosha mkono, nikampa funguo, amempa Mzee Randa. Nimerudi kwenye msumeno wangu wa zamani. Hakuna aliyenipa pole, na sikuistahili.

Kisha tajiri akamgeukia mke wangu: "Mwambie mdogo wako kazi yake ipo."

Mke wangu akasema, "Yuko hapo, mwambie mwenyewe."

Tajiri akasimama akiwa hajui aweke wapi mikono. Kisha akampigia ishara ya "lete mbao," maana ndiyo pekee aliyokuwa anaijua. Watu wakaangua kicheko, shemeji naye akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini hakusema ndiyo. Alisema atarudi karakana ikipangwa upya, na atakayeipanga ni yeye.

24 Aprili

Shemeji kapita kwa kila mtu na kipande cha ubao na penseli, anauliza. Mzee Randa, bega linapanda mpaka wapi? Mpaka hapa tu. Kaandika. Vumbi, mkono huo utashika nini? Ngumi itaingia, vidole hapana. Kaandika. Kwa mrefu wetu kauliza mgongo, kwa mwingine miwani. Kila mtu alikuwa na lake! Miaka yote tumekaa pamoja kila mmoja kabana lake kama jino bovu.

Kwangu alifika mwisho. Aligusa sikio lake, akanyanyua nyusi. Upande gani?

Nikaonyesha kushoto, mbele ya wote. Kaandika chini ya wengine, herufi sawa na za wengine.

26 Aprili

Mchoro wake uko ukutani. Mashine zote zitazame katikati, hakuna wa kuelekea ukuta. Njia ya mbao juu ya zege, iunganishwe mfululizo ili kisigino kimoja kisafiri hadi mwisho. Kamba ya kuzima umeme ipite karakana nzima, kimo cha kiuno kwa ajili ya bega la mzee, iwe na vitanzi vya kuingia ngumi ya Vumbi. Taa nyekundu, moja upande wangu wa kushoto.

Tajiri kauliza kwani kuna haja gani ya kamba, si shemeji mwenyewe atarudi kwenye swichi? Shemeji kamjibu, na Mzee Randa katafsiri: "Anasema, roho saba zisikae kwenye mkono wa mtu mmoja, hata kama ni mkono wake."

Tajiri kakubali. Vitanda vitachelewa wiki moja, chuo kimeambiwa.

1 Mei

Mvua, ya mwishomwisho nadhani. Nimepasua mbao za njia siku nzima. Nyumbani shemeji bado anakula chumbani kwake.

4 Mei

Leo tumeanza kupima. Wenzetu walikuwa wamekwenda kula, tumebaki mimi na yeye, na zege langu linang'aa kati yetu. Nilikuwa nimejifunza swali kwa binti yangu kwa siku nne. Nikamgusa bega, akageuka, nikamuuliza kwa mikono kama amenisamehe.

Akafikiri kweli kweli, hakuniharakishia jibu. Kisha akatikisa kichwa. Hapana. Akaongeza kitu, nami nikakielewa chote bila kurudiwa: bado, na usiniulize tena, nitakwambia mimi.

Nikasema sawa.

Akaivuta futi kiunoni mwake, akanipa ncha nishike, akaanza kurudi nyuma kuelekea mashine ya msasa, akinitazama nisiiachie.